Kudai fedha za shule mahakamani: mwongozo kwa wazazi wa Kenya

Mwaka 2018 serikali ya Kenya ilipandisha mgao wa kila mwanafunzi wa sekondari ya kutwa hadi Sh22,244 kwa mwaka. Julai 2025 Waziri wa Fedha John Mbadi aliwaambia wabunge kwamba serikali haiwezi kukimudu kiwango hicho, na kwamba kinachotolewa ni karibu Sh16,900. Pengo hilo ni Sh5,344 kwa kila mwanafunzi. Katika shule ya wanafunzi 400 linakuwa Sh2,137,600 kwa mwaka, na lazima kuna anayelibeba: mzazi anayeletewa orodha ya michango, mwuza mahindi anayeidai shule tangu muhula uliopita, au mtoto anayerudishwa nyumbani siku ya Jumatatu.

Wazazi wengi hulalamika kuhusu jambo hili langoni mwa shule na kuliacha papo hapo. Mwongozo huu ni kwa wanaotaka kulifikisha mbali zaidi, hadi Mahakama Kuu ikibidi. Hauchukui nafasi ya wakili. Unakuonyesha cha kufanya kabla ya kumwona wakili, kwa sababu kesi ya aina hii hujengwa au hubomoka mapema, wakati karatasi bado ziko mikononi mwa wazazi wenyewe.

1. Jua haki unayoidai

Katiba ya 2010 ina vifungu viwili vinavyochanganywa mara kwa mara. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya elimu. Kifungu cha 53(1)(b) kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Tofauti yake ni kubwa. Kuhusu haki za Kifungu cha 43, Kifungu cha 21(2) kinairuhusu serikali kuzitimiza hatua kwa hatua. Ruhusa hiyo haikitaji Kifungu cha 53. Kwa hiyo, kama walioathiriwa ni watoto, anzia hapo.

Hoja hii si ngeni barani. Mwaka 2011 Mahakama ya Kikatiba ya Afrika Kusini, katika kesi ya shule ya msingi ya Juma Musjid, iliamua kwamba haki ya elimu ya msingi ni ya kutimizwa mara moja, tofauti na haki nyingine zinazosubiri uwezo wa serikali. Majaji wa Kenya hawafungwi na uamuzi huo, lakini wakili wako anaweza kuwasomea.

Tena, "elimu ya msingi" katika sheria haiishii darasa la sita. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inajumuisha elimu ya awali, shule za msingi na sekondari. Sehemu ya 29 ya sheria hiyo inakataza shule ya umma kumtoza mzazi karo ya masomo. Inaruhusu malipo mengine kwa idhini ya Waziri baada ya kushauriana na bodi ya elimu ya kaunti, lakini inasema mtoto asikataliwe shuleni kwa kushindwa kuyalipa, na kila anayepokea malipo atoe risiti rasmi.

Ongeza Kifungu cha 27 kuhusu usawa, cha 54 kuhusu watu wenye ulemavu na cha 56 kuhusu jamii zilizotengwa, lakini kwa sharti kwamba hali yenu inavigusa kweli. Ukirundika vifungu kumi visivyo na ushahidi, hata vile viwili vyenye nguvu vitapoteza uzito.

2. Jua nani anadaiwa nini

Kesi nyingi huyumba kwa kumshtaki asiyehusika. Jedwali la Nne la Katiba linagawanya kazi hivi: elimu ya awali (chekechea) na vyuo vya ufundi vya vijiji ni jukumu la serikali ya kaunti, shule za msingi, sekondari msingi na sekondari ni za serikali ya kitaifa. Kama tatizo ni darasa la chekechea lisilo na paa, gavana ndiye wa kuulizwa. Kama ni mgao wa sekondari, ni Waziri wa Elimu na Waziri wa Fedha, pamoja na Mwanasheria Mkuu anayeiwakilisha serikali mahakamani. Kama ni upungufu wa walimu, kazi ya kuwaajiri na kuwapanga ni ya Tume ya Huduma za Walimu (TSC) chini ya Kifungu cha 237.

Mwalimu mkuu mara nyingi si adui katika kesi hii. Yeye ndiye aliyepewa fedha pungufu na kuambiwa asimfukuze mtoto. Ila kama fedha zilifika zote na zikapotelea shuleni, hilo ni suala la ukaguzi na la wachunguzi wa ufisadi, na lina njia yake. Ulizeni swali hili mapema kabisa: je, fedha hazikufika, au zilifika zikatumiwa vibaya?

3. Kusanya hesabu kabla ya kukusanya watu

Jaji hawezi kuamua kwa kuambiwa kwamba "serikali imetutupa". Anataka kuona kiasi gani kilipaswa kufika, kilifika kiasi gani, lini, na mtoto alipoteza nini kwa sababu hiyo. Tengenezeni jedwali la muhula kwa muhula, kwa miaka mitatu hivi, lenye haya:

- Idadi ya wanafunzi waliokuwa darasani, na idadi iliyokuwa kwenye mfumo wa wizara. Mgao hufuata walioandikishwa mfumoni. Wanafunzi 30 wakikosekana humo, shule hupoteza fedha zao hata kama wanakalia madawati kila siku.
- Kiasi kilichoingia benki na tarehe yake. Mgao wa mwaka hugawanywa kwa asilimia 50 muhula wa kwanza, 30 wa pili na 20 wa tatu. Kwa kiwango cha Sh22,244, muhula wa kwanza pekee ni Sh11,122 kwa mwanafunzi.
- Sehemu iliyobaki makao makuu. Hapa wengi hujikwaa. Si fedha yote ya mgao huingia kwenye akaunti ya shule. Nyingine hutumiwa na wizara kwa mambo kama vitabu. Ukilinganisha Sh22,244 na taarifa ya benki bila kutoa sehemu hiyo, wakili wa serikali ataiangusha hesabu yako kwa swali moja. Tafuta waraka wa wizara unaoonyesha kila fungu, kisha linganisha fungu kwa fungu.
- Madeni ya shule: wauza chakula, umeme, maji, mishahara ya wapishi na ya walimu walioajiriwa na bodi ya shule.
- Michango iliyodaiwa kwa wazazi, pamoja na risiti, barua na ujumbe wa simu.
- Watoto waliorudishwa nyumbani, tarehe na siku walizokosa.
- Hali ya vitu: madawati, vyoo, maabara, vitabu. Hesabuni, msikadirie.

Picha za simu na taarifa zilizochapishwa kutoka kompyuta zinakubalika, lakini Sehemu ya 106B ya Sheria ya Ushahidi inataka ziambatane na cheti cha aliyezitoa kueleza kifaa kilichotumika na namna zilivyopatikana. Anayepiga picha aandike tarehe na mahali siku hiyo hiyo, na asiifute picha ya asili.

Wekeni nakala za kila karatasi sehemu mbili tofauti. Majina ya watoto yasiandikwe wazi kwenye hati za mahakama. Tumieni herufi za kwanza. Mtoto hapaswi kubeba kesi ya wazazi wake uwanjani wakati wa mapumziko.

4. Omba taarifa kwa maandishi

Ambacho shule hainacho, ombeni serikalini. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Taarifa ya 2016 inaeleza utaratibu. Ombi linaweza kuandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza. Sheria yenyewe inasema hivyo. Kuliwasilisha hakutozwi ada, ingawa unaweza kulipia gharama ya nakala. Ofisi ina siku 21 za kujibu, na inaweza kujiongezea siku 14 mara moja tu.

Liandike ombi kwa ufupi na kwa vipimo: "Naomba kiasi kilichotumwa kwa shule ya sekondari fulani katika kila muhula wa 2023, 2024 na 2025, tarehe ya kila malipo, idadi ya wanafunzi iliyotumika kukokotoa, na makato yoyote yaliyofanywa." Ukiomba "taarifa zote kuhusu fedha za elimu" utapata ukimya au gunia la karatasi lisilokusaidia. Peleka nakala mbili na uhakikishe yako imepigwa mhuri wa kupokelewa.

Siku zikipita bila jibu, au ukinyimwa, una siku 30 za kuomba uamuzi huo upitiwe upya na Tume ya Haki za Utawala, maarufu kama Ombudsman. Ukimya nao ni ushahidi. Ofisi iliyokataa kutaja takwimu itapata taabu kusimama mbele ya jaji na kudai kwamba takwimu zenu si sahihi.

Someni pia ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu na za Msimamizi wa Bajeti. Ni nyaraka za umma, zimetungwa na ofisi za Katiba, na serikali haiwezi kuzitupilia mbali kama maneno ya wazazi wenye hasira.

5. Pitia milango ya chini kwanza

Mahakama za Kenya zimeshikilia kwa miaka mingi kwamba pale sheria inapoweka njia ya kusuluhisha mgogoro, njia hiyo ifuatwe kwanza. Kesi nzuri inaweza kutupwa kwa sababu hiyo tu. Andikeni kwa bodi ya usimamizi ya shule, kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti, kwa bodi ya elimu ya kaunti, kisha kwa wizara. Kila barua itaje tatizo, kiasi, ombi na siku mlizotoa za kujibu. Uamuzi wa bodi ya kaunti una jopo lake la rufaa chini ya Sheria ya Elimu ya Msingi. Mwulizeni wakili kama jambo lenu ni la jopo hilo au la Mahakama Kuu moja kwa moja.

Bunge nalo lina mlango. Kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kuliandikia Bunge kuhusu jambo lililo chini ya mamlaka yake. Makadirio ya bajeti hufikishwa Bungeni angalau miezi miwili kabla ya mwaka wa fedha kuisha, yaani kufikia mwisho wa Aprili, na Kifungu cha 221(5) kinailazimisha kamati kupokea maoni ya umma. Wazazi waliofika mbele ya kamati mwezi Mei wakiwa na jedwali lao wana nafasi ya kubadili tarakimu kabla haijawa sheria. Hata wasiposikilizwa, wana kumbukumbu kwamba walisema.

6. Nani ashtaki, na gharama ni zipi

Kifungu cha 22 kimefungua lango hili kwa upana. Unaweza kushtaki kwa niaba yako, kwa niaba ya asiyeweza kujisimamia, kwa niaba ya kundi, kama chama, au kwa maslahi ya umma. Kwa kesi ya mgao, chama cha wazazi cha shule kadhaa kina nguvu kuliko mzazi mmoja. Mzazi mmoja anaweza kuambiwa tatizo lake litatatuliwa kwa msaada wa basari, na kesi ikaishia hapo. Shule kumi zenye pengo lile lile zinaonyesha kwamba kasoro iko katika mfumo.

Katika Marekani, wilaya 66 za shule katika jimbo la Kentucky ziliungana kushtaki, na mwaka 1989 Mahakama ya Juu ya jimbo ikatamka kwamba mfumo mzima wa shule za umma ulikiuka katiba ya jimbo hilo. Mwaka uliofuata bunge lao lilitunga sheria mpya ya elimu na ya fedha zake. Uamuzi mpana kiasi hicho ulihitaji walalamishi wa kutosha kuonyesha upana wa tatizo.

Kifungu hicho hicho cha 22 kinasema hakuna ada ya kufungua kesi ya kutetea haki za Katiba, na kwamba mahakama isizuiwe kupita kiasi na taratibu za kiufundi. Kanuni za 2013 za kuendesha kesi hizo zinaruhusu hata barua ipokelewe kama ombi. Hata hivyo, kuna nauli, nakala na wakili. Ulizeni msaada kwa Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, kwa mashirika kama Kituo cha Sheria, au kwa mawakili wanaojitolea. Ulizeni pia mapema kuhusu gharama mkishindwa: katika kesi za maslahi ya umma majaji mara nyingi huacha kila upande ubebe zake, lakini ni hiari ya jaji.

7. Andika ombi linaloshikika

Tangu uamuzi wa Anarita Karimi Njeru wa 1979, mlalamishi wa kikatiba anatakiwa kutaja kifungu kilichovunjwa, namna kilivyovunjwa na madhara yake. Tumieni mpangilio huo kwa kila hoja. Kwa mfano: Kifungu cha 53(1)(b) kimevunjwa, kwa kutuma mgao pungufu na kwa kuchelewa katika mihula iliyotajwa kwenye jedwali, na matokeo yake ni kwamba wanafunzi kadhaa walikosa masomo kwa siku zilizoorodheshwa, na shule ikaacha vipindi vya maabara.

Hati za kiapo zitoke kwa watu wanaojua: mzazi aeleze michango aliyodaiwa, mweka hazina wa chama aeleze jedwali, mwanafunzi wa zamani aeleze alivyofanya mtihani wa sayansi bila kuwahi kugusa vifaa. Usimwandikie shahidi asichokijua. Akihojiwa na kuyumba, atayumba na kesi nzima.

8. Jiandae kwa majibu ya serikali

Jibu la kwanza litakuwa: hakuna fedha. Kifungu cha 20(5) kinasema, kuhusu haki za Kifungu cha 43, kwamba ni wajibu wa serikali kuthibitisha kuwa haina fedha, na kwamba katika kugawa zilizopo itangulize upatikanaji mpana zaidi wa haki, ikizingatia walio hatarini. Dai tupu halitoshi. Serikali ilete hesabu zake. Kifungu hicho hicho kinatahadharisha mahakama isiingilie uamuzi wa mgao kwa sababu tu ingeamua tofauti. Kwa hiyo msimwombe jaji atunge bajeti. Mwombeni apime kama bajeti iliyopo inatimiza kiwango ambacho serikali yenyewe ilikitangaza.

Jibu la pili litakuwa: ni kazi ya idara nyingine. Afrika Kusini ilikuwa na kanuni za majengo ya shule zilizofanya tarehe za mwisho zitegemee ushirikiano wa idara nyingine za serikali. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Bhisho ilikiondoa kipengele hicho. Mtoto anaidai serikali, na mgawanyo wa ofisi ndani yake si shida yake.

Jibu la tatu litahusu usawa: kila shule inapata kiasi kile kile kwa kila kichwa. Hapa kumbukeni kesi ya John Kabui Mwai ya 2011, ambapo wazazi wa shule za kibinafsi walipinga mgawo wa nafasi za kidato cha kwanza uliopendelea shule za umma. Mahakama Kuu iliwakatalia, ikiangalia usawa wa kweli badala ya usawa wa tarakimu. Hoja hiyo inaweza kuzisaidia shule za maeneo kame, ambako kila lita ya maji hununuliwa na mzazi hana cha kuongezea.

9. Omba amri inayoweza kufuatiliwa

Wengi huomba fidia. Fikirini tena: Sheria ya Kesi dhidi ya Serikali hairuhusu mali ya serikali kukamatwa na kupigwa mnada, na fidia ya mara moja haitatengeneza muhula ujao. Kifungu cha 23 kinampa jaji uwezo wa kutoa nafuu nyingi. Ombeni kwa mfuatano huu: tamko kwamba haki imevunjwa, amri ya kuchapisha mgao wa kila shule na tarehe za malipo, amri ya kuleta mahakamani mpango wa kuziba pengo wenye tarehe, na amri ya serikali kurudi kuripoti kila baada ya miezi kadhaa. Kama watoto wanafukuzwa sasa hivi, ombeni pia amri ya muda ya kuwabakisha darasani.

Kuhusu amri ya kurudi na kuripoti, Mahakama ya Juu ya Kenya iliikubali nafuu ya aina hiyo katika kesi ya Mitu-Bell Januari 2021, iliyohusu wakazi waliobomolewa makao yao Nairobi. Itajeni. Na muwe mahsusi: mwaka 2014 mahakama ya Mthatha, Afrika Kusini, iliiamuru serikali ipeleke madawati na viti katika shule za jimbo la Eastern Cape ndani ya muda uliowekwa. Dawati linahesabika, na amri ya kitu kinachohesabika ni ngumu kuikwepa.

10. Baada ya hukumu

Katika jimbo la New York, kesi ya fedha za shule iliyoanzishwa na wazazi mwaka 1993 ilifika uamuzi wa mwisho mwaka 2006, na ahadi ya kuzitoa fedha zote ilikubaliwa mwaka 2021. Waliokuwa chekechea kesi ilipoanza walikuwa watu wazima. Naitaja ili mpange vizuri, si ili mkate tamaa. Chama kisimtegemee mzazi mmoja ambaye mtoto wake atamaliza kidato cha nne mwaka ujao. Wekeni kamati yenye wazazi wa madarasa ya chini, endeleeni kujaza lile jedwali kila muhula, na kila ripoti ya serikali ikiletwa mahakamani, iwekeni kando ya taarifa ya benki ya shule. Ikitofautiana, rudini kwa jaji.

Kwa msomaji wa Tanzania

Njia hii haihamishiki jinsi ilivyo. Ibara ya 11 ya Katiba ya Tanzania inataja elimu, lakini Ibara ya 7(2) inasema masharti ya sehemu hiyo hayatekelezwi na mahakama. Tena, marekebisho ya 2020 ya Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu Muhimu yanamtaka mlalamishi aape namna alivyoathirika yeye binafsi. Hata hivyo, sehemu ya kwanza ya kazi ni ile ile: fuatilieni ruzuku ya elimu bila malipo shule kwa shule, someni ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu (CAG), na zipelekeni hesabu hizo kwa kamati ya shule, kwa diwani na kwa mbunge.

Anzeni muhula huu

Mahakama haiwezi kujenga darasa. Inachoweza ni kuilazimisha serikali ieleze kwa kiapo fedha za watoto ziko wapi, na kuishikilia kwa ahadi yake. Ili ifanye hivyo inahitaji wazazi waliokuja na hesabu. Katika mkutano ujao wa wazazi, kabla ya kukubali mchango mwingine, simama uombe mambo matatu yaandikwe kwenye kumbukumbu: kiasi kilichopaswa kufika, kiasi kilichofika, na tarehe kilipofika. Mkipata majibu hayo kwa maandishi, mmeanza kesi yenu.